Usije Kimbwetani na Desa, Njoo na Swali

Kila mwaka ni hivyo hivyo. Bumu likishaingia, testi ya kwanza ikishabandikwa, wanakuja kimbwetani kwetu mwaka wa kwanza wawili watatu na swali moja: kaka, huku kwenye hesabu watu wanatokaje? Wana hofu ya sapu, na nyuma ya sapu wana hofu ya kudisko. Siwacheki. Kudisko maana yake mkopo unakatika, na huko nyumbani mama alishawatangazia majirani kwamba mwanawe anasomea sayansi chuo kikuu. Mimi ni mwaka wa tatu, ualimu wa hisabati na fizikia, mtoto wa Mazinde, kule tambarare ya mkonge chini ya milima ya Usambara. Jibu langu huwa haliwafurahishi. Wanataka desa. Mimi nawaambia watafute masharti.

Nieleze. Sekondari tulisoma fomula. Ukiijua fomula na ukiwa umepiga pasti pepa za kutosha, unatoka. Chuoni fomula ni ile ile mara nyingi, ila sasa mhadhiri anakuuliza inafanya kazi lini. Mstari ule mdogo ulio juu ya theoremu, ule unaoanza na "ikiwa", ndiyo kozi yenyewe. Wengi wetu tunauruka kama matangazo ya redio tukakimbilia mfano uliokwisha kutatuliwa. Halafu mtihani unabadilisha "ikiwa" moja tu, na ukumbi mzima unatazama dari.

Mfano bora wa jambo hili ninaoujua ulitokea juu ya mlima wa kwetu. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, kijana wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kusubiri yapoe, kisha kuyaingiza kwenye friji. Nafasi ndani ya friji ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja akaweka maziwa yake bila kuyachemsha, na Mpemba, asije akakosa nafasi, akaweka yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado uji. Alimuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Hadithi hii huwa tunaisimulia kama ya mtoto aliyewashinda walimu, tunapiga makofi, basi. Mimi naona tunaisimulia vibaya, kwa sababu mwalimu alikuwa na hoja, na bila kuielewa hoja yake hutaelewa alichokifanya Mpemba.

Hoja ni hii. Kanuni ya Newton ya kupoa, ambayo mwaka wa kwanza mtakutana nayo kwenye milinganyo ya difrensha, inasema kasi ya kitu kupoa inalingana na tofauti kati ya joto lake na joto la mazingira. Chukua vikombe viwili vya maji, kimoja nyuzi 100, kingine nyuzi 35. Cha nyuzi 100 kinaanza kupoa kwa kasi kubwa, sawa. Lakini ili kifike kwenye kuganda lazima kwanza kipite kwenye nyuzi 35, na kikifika hapo kinafuata njia ile ile aliyoifuata mwenzake aliyekwisha kutangulia. Hakiwezi kumpita. Uthibitisho ni mistari mitatu, na ni sahihi kabisa.

Ni sahihi ikiwa. Ikiwa maji yote ndani ya kikombe yana joto moja, juu na chini. Ikiwa hakuna mvuke unaotoka na kupunguza maji. Ikiwa kikombe cha moto hakiyeyushi barafu iliyo chini yake na hivyo kugusana vizuri zaidi na friji. Ikiwa ile namba ya kupoa ni moja kwa vikombe vyote, mwanzo hadi mwisho. Mwalimu aliisoma fomula. Friji ya Magamba haikuwa imesaini masharti yake. Swali la mwanafunzi halikupingana na hesabu hata kidogo. Lilikuwa linauliza "ikiwa" ipi imevunjika.

Sasa tazama jinsi alivyoliendesha. Aliongea na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, akaambiwa kwamba huko kuweka mchanganyiko ukiwa wa moto ni jambo la kawaida, unaganda upesi. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, na kufundishwa hiyo hiyo kanuni ya Newton, aliuliza tena. Mwalimu mwingine akamjibu kwa kejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, na kuanzia hapo kila alipokosea darasani wenzake walimtania kwa maneno hayo. Akaingia maabara ya biolojia na bika mbili, ya maji ya bomba na ya maji ya moto, akajaribu mwenyewe. Siku Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam alipokuja kutoa mhadhara, Mpemba hakusimama akasema "sielewi kuhusu kupoa." Aliuliza: vyombo viwili vinavyofanana, maji kiasi kile kile, moja nyuzi 35, jingine nyuzi 100, vyote kwenye friji; cha nyuzi 100 kinaganda kwanza; kwa nini?

Soma swali hilo mara mbili. Limebana kila kitu isipokuwa kinachoulizwa. Osborne aliona shaka, lakini kwa kuwa swali lilikuwa na namba, liliweza kupimwa, naye akaahidi kulipima. Fundi wake wa maabara alileta jibu kwamba ya moto yaliganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. (Hapo huwa nacheka, kisha nakumbuka ripoti zetu za maabara zinavyopikwa.) Mwaka 1969 makala ya Mpemba na Osborne ikatoka katika jarida la Physics Education.

Na jambo halijaisha. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walirudia vipimo na kuandika kwamba hawakuona ushahidi wa maana wa jambo hilo. Hata mahali pa kuweka kipimajoto ndani ya kikombe, sentimita moja juu au chini, paliweza kugeuza matokeo. Wengine bado wanabishana nao. Mtu akikwambia Mpemba alikosea, mwulize kwa masharti gani. Akikwambia alipatia, mwulize hivyo hivyo.

Hesabu tupu nayo ni vivyo hivyo. Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, na inapanda takriban mita 1,000. Wastani, mita 3 kila mita 100. Theoremu ya thamani ya wastani, ile ya MVT mnayoikariri kwa herufi, inasema lazima pawe na mahali kwenye barabara hiyo ambapo mwinuko ni huo huo 3 kwa 100 kamili. Ikiwa barabara haijakatika, na ikiwa haina kona kali ya juu-chini kama ngazi. Sisi wa kule tunajua mvua kubwa ikiporomosha mlima barabara hukatika. Chora picha hiyo, weka ngazi pale ilipoporomoka, uone theoremu inavyokufa. Ukishaiua kwa mkono wako mara moja, huhitaji kuikariri. Na uifanye kwa Kiswahili, au Kisambaa, vyovyote. Mtihani utaandika Kiingereza, lakini kama huwezi kumweleza konda wa basi la Lushoto, bado hujaelewa.

Limebaki la kicheko, na hili ndilo linaloniuma. Waliomcheka Mpemba mbele ya Osborne walikuwa wanafunzi wenzake. Hapa kwetu ni vile vile. Mtu akiuliza swali kwenye lekcha, nyuma kuna mguno, "dah, huyu naye", na yule hanyanyui mkono tena hadi anadisko. Tunalalamikia wahadhiri wakali, na wapo, lakini mhadhiri mkali anauliza "swali lingine?" kila kipindi, na ukumbi wa watu mia tatu unanyamaza kwa kuogopana wenyewe kwa wenyewe. Ningeomba serikali yetu ya wanafunzi, badala ya semina nyingine ya jinsi ya kupata GPA kubwa, itupe chumba kimoja jioni na friji moja mbovu.

Hadi hapo, kimbweta chetu kinakaa Jumatano baada ya saa kumi na mbili jioni. Kanuni ni mbili: hakuna desa mezani, na anayecheka swali ndiye anayeanza kulijibu ubaoni. Wiki hii tuko na mlinganyo wa Newton, tunajaribu kuongeza ndani yake maji yanayopotea kwa mvuke. Hadi sasa tumekwama mstari wa nne.