Waliipigia Makofi Bendi, Wakafunga Kitivo

William P. Foster aliongoza bendi ya Chuo Kikuu cha Florida A&M, mjini Tallahassee, kuanzia 1946 hadi 1998. Miaka 52! Anaposimuliwa, husimuliwa kwa namna moja tu: akiwa mwanafunzi wa muziki katika Chuo Kikuu cha Kansas, alikohitimu 1941, mkuu wa kitivo alimweleza kwamba Marekani haina ajira ya kondakta mweusi. Kijana hakukata tamaa. Tarehe 14 Julai 1989 bendi yake iliiwakilisha Marekani katika gwaride la Paris, Wafaransa walipoadhimisha miaka 200 ya Mapinduzi yao. Hapo msimulizi huwageukia vijana: mnaona? Vikwazo hujenga.

Hoja hiyo naikataa. Humsifu mfungiwa mlango ili asihojiwe aliyeufunga. (Hata kwetu huitolea mwanafunzi anayedai mkopo uliochelewa, huambiwa shida humkomaza mtu.) Foster alijengwa na elimu na kazi. Akiwa tayari mwalimu aliendelea kusoma hadi akapata uzamivu wa Chuo Kikuu cha Columbia. Bendi yake iliingiza dansi ndani ya gwaride, ikapishanisha mwendo wa kujikokota na mwendo wa kasi, na bendi za vyuo vingi zikaiga. Watazamaji waliona burudani. Nyuma yake palikuwa na profesa na hesabu za kila hatua.

Tuitazame basi serikali ya jimbo la Florida. Florida A&M kilikuwa chuo cha weusi kwa mujibu wa sheria za utengano. Weusi walipobisha hodi kusomea sheria katika chuo cha weupe, jimbo liliwaanzishia kitivo chao huko, kikaanza kufundisha 1951. Utengano ulipoanza kuvunjwa mahakamani, kitivo hicho kikazuiwa kupokea wanafunzi wapya. Mwaka 1966 kikafunguliwa kingine katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, mji ule ule wa Tallahassee; 1968 kile cha weusi kikafungwa. Kilirejeshwa 2002, tena mjini Orlando. Kwa hiyo, katika miaka ambayo Foster alikuwa akikiletea chuo sifa kila msimu wa mpira, wenye mamlaka walikuwa wakikipokonya uwezo wa kuzalisha mawakili. Mpiga tarumbeta mweusi alikuwa fahari ya jimbo. Wakili mweusi angelishtaki.

Wala hayo si ya kale. Septemba 2023 mawaziri wa elimu na kilimo wa Marekani walimwandikia gavana wa Florida kwamba, kwa kulinganisha na Chuo Kikuu cha Florida, Florida A&M kilipunjwa karibu dola bilioni 2 tangu 1987. Kumi na moja kati ya miaka hiyo Foster alikuwa bado kazini, fimbo ya kondakta mkononi. Wanaopenda kumtaja kwenye mahafali waisome na barua hiyo, kwa sauti ile ile.