Diski Ikifa, Tusisingizie Qadari

Ndugu Waislamu, diski ya kompyuta ikifa na picha na masomo ya watoto yakapotea, utasikia mzazi akisema: "Ni qadari." Qadari tunaiamini, lakini uzembe tusiupe jina hilo! Sayyidna Uthman (r.a.) hakutosheka na msahafu mmoja, alinakilisha na kupeleka katika miji mbalimbali. Nakala mbili ndani ya nyumba moja hazitoshi. Hapa Kampala, moto wa tarehe 20 Septemba 2020 uliunguza Jengo Kuu la Makerere, na nyaraka zikateketea humo. Basi tunakili kila Ijumaa, na nakala moja ikae kwa jamaa. Diski ikianza kugonga-gonga, izimeni mumpelekee fundi. Kila mkiiwasha huenda ikazidi kujikwaruza. Wabillahi tawfiq.