Sarafu Tulivu na Akiba Yake
Sarafu tulivu ni fedha ya kidijitali inayokusudiwa kubaki na thamani moja, mara nyingi dola 1 ya Marekani. Mpangilio wake si mgeni kwa mtumiaji wa M-Pesa, ambako salio la kwenye simu lina fedha halisi zilizowekwa benki katika akaunti ya amana. Sarafu tulivu za USDT na USDC hufuata njia kama hiyo, kwa akiba ambayo sehemu yake kubwa ni dhamana za muda mfupi za serikali ya Marekani.

Sarafu hizo ndizo hutumika sana katika mikopo isiyopitia benki, inayoendeshwa na programu kwenye mitandao kama Ethereum. Anayetaka kukopa USDC 100 huweka kwanza rehani ya etha, sarafu ya mtandao wa Ethereum, yenye thamani kubwa zaidi, tuseme dola 150. Bei ya etha ikiporomoka, programu huruhusu rehani iuzwe papo hapo, hata saa nane za usiku. Hakuna meneja wa kubembelezwa.

Utulivu wenyewe ni wa jina tu pale akiba inapotiliwa shaka. Machi 2023, dola bilioni 3.3 za akiba ya USDC zilikwama katika benki ya Marekani ya Silicon Valley Bank ilipoanguka, na bei ya USDC ikashuka chini ya senti 90. Ilipona baada ya serikali ya Marekani kuwahakikishia wenye amana fedha zao. TerraUSD, sarafu tulivu nyingine, haikupona ilipoyumba. Ilitegemea hesabu za programu na sarafu nduguye, Luna, na Mei 2022 zote mbili zilianguka ndani ya siku chache. Anayetaka kununua aulize kwanza akiba iko wapi na nani anaikagua.