Dhima ya Miguu ya Modemu na Suala la Istilahi za Ufundi

Uundaji wa istilahi za sayansi nchini Tanzania umekuwa na mafanikio yasiyopingika, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ni ushahidi tosha. Hata hivyo, walengwa wakuu wa kazi za aina hiyo wamekuwa watu wa darasani, ilhali masomo ya sekondari bado hufundishwa kwa Kiingereza. Anayefanya kazi kwa Kiswahili kutwa nzima ni fundi wa elektroniki wa Mwananyamala, Tandale, Tandika au Mbagala, ambaye aghalabu hahesabiwi miongoni mwa watumiaji wa istilahi.

Mathalani, ichukuliwe kazi ya kuunganisha modemu ya redio aina ya SIM800L na maikrokontrola, ili king'ora cha duka kiweze kumpelekea mwenyewe ujumbe wa simu. Kwa fundi, kila kipini cha modemu ni "mguu". Sitiari hiyo ni nzuri, ila inataja umbo na mahali tu. Mguu unafanya nini, haisemi. Dhima imeachiwa herufi zilizochapwa kwenye bodi: VCC, GND, TXD, RXD. Mwanagenzi huzikariri kama majina ya watu, na kwa mantiki isiyo na kasoro huunganisha TXD ya huku na TXD ya kule. Hapo vifaa viwili husema kwa pamoja, wala hakuna kinachosikiliza.

Kosa hilo lisingetokea kirahisi kama miguu hiyo ingeitwa mguu wa kutuma na mguu wa kupokea, kwani hakuna Mswahili asiyejua kwamba kinachotumwa hupokewa na mwingine. (Umbo la kutendea halifai hapa: "mguu wa kutumia" umekwisha kuchukuliwa na maana nyingine.) Zaidi ya hayo, Kiswahili kinatofautisha kile ambacho Kiingereza kimekichanganya katika neno moja. Modemu hutuma kwa waya kwenda kwa maikrokontrola, lakini kwa antena hurusha, kama vile redio inavyorusha matangazo. Ni hazina iliyolala bure.

GND ni tatizo zito zaidi. Tafsiri ya "ardhi" inapotosha. Katika nyaya za nyumba, waya wa ardhi ni wa usalama, na taa huwaka hata usipokuwapo. Katika modemu, mguu huo ndio njia ya kurudia umeme na ndio kipimo ambacho volti za miguu mingine zote hupimwa kwacho. Usipounganishwa kwa pande zote mbili, ishara hazieleweki. "Hasi", neno linalotumiwa na mafundi wenyewe, limekaribia ukweli kuliko la vitabuni; "rejea ya pamoja" lingeukaribia zaidi.

Kuhusu VCC, fundi husema "moto". SIM800L huhitaji volti 3.4 hadi 4.4, lakini inaporusha, mkondo huweza kufikia ampea 2 kwa muda mfupi mno. Mita huonyesha volti 4, modemu nayo hujizima na kujiwasha. Fundi akiambiwa "umeme ni mdogo", atapandisha volti, na modemu itaungua. Kumbe kilichopungua ni uwezo wa kutoa mkondo. Modemu iliyoungua hulipwa na fundi, si na mwanaistilahi.

Yumkini baadhi ya wataalamu watasema herufi hizo ni za kimataifa na ziachwe. Ziachwe kwenye bodi, bila shaka. Maelezo ya kazi yake ndiyo yanayodaiwa, na BAKITA na TATAKI zingeweza kuanzia Chang'ombe, ambako VETA hufundisha ufundi, kabla ya kukaa mezani. Upo, kwa mfano, mguu wa PWRKEY, ambao huguswa na hasi kwa muda wa sekunde 1 au zaidi ili modemu ianze kazi. Kama huko ni "kuwasha" au "kuamsha", mafundi wa Tandika wana haki ya kuulizwa kwanza.