Upanga Si Ngoma
Bwana mmoja ameandika kwamba mafunzo ya Yagyu Shinkage-ryu, chuo cha upanga cha Japani, ni ngoma tupu, maadamu kila pigo hujulikana kabla halijapigwa. Naikataa kauli hiyo. Kamiizumi Nobutsuna, aliyeasisi katika karne ya 16 Shinkage-ryu, chimbuko la chuo hicho, ndiye anayesifiwa kwa kubuni upanga wa mwanzi uliopasuliwa na kuvikwa mfuko wa ngozi, ili mwanafunzi apigwe kwa dhati, wala asiuawe. Mcheza ngoma ana haja gani na kitu hicho? Tena katika zoezi anayeshindwa ni mwalimu, ambaye hushambulia kwa kweli, na mwanafunzi akikawia kidogo tu, au akitangulia, mwanzi humwangukia mkononi. Mapigo yamepangwa, naam. Lakini wakati na masafa havipangiki, na hivyo hasa ndivyo vinavyofundishwa.