Tulipie riwaya mapema, lakini kwa masharti yetu

Mwandishi anayechangisha pesa za kuchapa riwaya anaomba jambo ambalo mchuuzi wa Gisenyi analijua kuliko yeye: pesa itangulie, mzigo ufuate. Mama anayevusha nyanya kwenda Goma kupitia Petite Barrière huliishi jambo hilo pande zote mbili. Leo anamwachia mteja mzigo kwa mali kauli. Wiki ijayo mteja huyo huyo anamtangulizia pesa ili alete makapu matatu badala ya moja. Karatasi haipo. Lipo jina, upo uso unaojulikana, na ipo kesho ambayo wote wawili watakutana tena kwenye foleni ile ile.

Kuchangishia kitabu kwa mtindo huo kumekuwa jambo la kawaida duniani. Mwandishi hutangaza kazi yake kabla haijachapwa, wasomaji hulipia nakala zao, na pesa ikitimia kitabu huingia mtamboni. Gazeti hili linaona kwamba riwaya ya mpaka huu inaweza kuzaliwa kwa njia hiyo, na kwamba wachuuzi ndio wanaofaa kuwa walipaji wake wa kwanza, kabla ya mfadhili yeyote wa Kigali, Nairobi au Ulaya. Tunasema hivyo tukijua kwamba pesa ya mchuuzi ni mtaji, na mtaji haulali. Kwa hiyo tunaongeza neno ambalo baadhi ya waandishi hawatalipenda: asiyeweza kueleza masharti yake waziwazi asipewe hata faranga mia.

Tuanze na hasara ya kukosa watu wa kulipa mapema, maana hasara hiyo ina jina. Aniceti Kitereza, Mkerewe wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria, alimaliza mwaka 1945 riwaya ndefu aliyoiandika kwa lugha yake ya Kikerewe, juu ya mume na mke waliopendana na kukosa mtoto. Mchapishaji hakupatikana. Padri mmoja wa kigeni aliyemtia moyo akafariki, miaka ikapita, watafiti kutoka Marekani wakaja na kuondoka. Mwishowe Kitereza mwenyewe, akiwa mzee na mwili umechoka, akaifasiri kazi yake kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza akafariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi. Kitabu kilimsubiri mchapishaji miaka 35, na leo wasomi wanakihesabu miongoni mwa kazi kubwa za fasihi ya Afrika Mashariki.

Hatuwalaumu watu wa Ukerewe. Mwaka 1945 nani angewaambia kwamba wakikusanya senti zao wanaweza kuuvuta mtambo wa kuchapa hadi kisiwani? Lakini wachuuzi wa Rubavu wa leo, wenye simu mbili mkononi na kikundi cha akiba kila mtaa, hawana udhuru huo.

Njia yenyewe ni ya kale, na mmoja wa walioitumia vizuri sana alikuwa mchuuzi wa mipakani. Olaudah Equiano, Mwafrika aliyeuzwa utumwani karne ya 18, alianza biashara katika visiwa vya Karibi akiwa na senti tatu za Kiingereza. Alinunua bilauri moja katika kisiwa cha St. Eustatius, akaiuza Montserrat kwa senti sita. Akarudia tena na tena, safari kwa safari, na mwaka 1766 akalipa pauni 40 kuununua uhuru wake. Kisa kimoja anachokisimulia kitawagusa wasomaji wetu bila maelezo: katika kisiwa kimoja yeye na mwenzake walinyang'anywa mifuko yao ya ndimu na machungwa na watu waliojua kwamba hawana wa kuwatetea, wakalia na kusihi mpaka wakarudishiwa sehemu tu ya mzigo.

Mtu huyo alipotaka kuchapa kisa cha maisha yake mjini London mwaka 1789, alitumia maarifa ya uchuuzi. Aliwaendea watu mmoja mmoja, wakaahidi kununua na kutanguliza sehemu ya bei, naye akayachapa majina yao mwanzoni mwa kitabu. Walikuwa 311, na mwana wa mfalme alikuwamo. Haki ya kitabu aliibakiza mkononi mwake. Kisha akazunguka mji hadi mji, Uingereza, Ireland na Scotland, akikiuza mwenyewe. Kikachapwa mara tisa akiwa hai. Kile si riwaya, ni habari ya maisha yake, lakini hesabu ya kukichapa ni ile ile.

Katika zama zetu kazi hiyo imehamia kwenye intaneti. Kampuni ya Unbound ya London, iliyoanza mwaka 2011, ilikusanya malipo ya wasomaji kabla ya kuchapa na kuyaandika majina yao ndani ya kitabu. Kwa njia hiyo ilitoka The Wake, riwaya ya Paul Kingsnorth iliyoandikwa kwa lugha aliyoibuni mwenyewe kutoka katika Kiingereza cha kale. Mwaka 2014 ikaingia katika orodha ndefu ya tuzo ya Man Booker. Habari njema inaishia hapo. Mwaka 2025 Unbound ilishindwa kujiendesha, ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, na waandishi wakabaki wakidai pesa zao. Wasomaji walimwamini mwandishi, pesa ikapita mikononi mwa mtu wa tatu. Mchuuzi yeyote aliyewahi kumpa dereva pesa za mzigo ampelekee mwenzake anaujua mwisho wa kisa hicho.

Mitandao mikubwa ya kuchangisha, kama Kickstarter, haimruhusu mkazi wa Rwanda wala wa Kongo kufungua mchango wake huko. Wapo wanaolalamika. Sisi hatuoni kama ni msiba. Tuna ibimina upande huu, likelemba upande wa pili, chama na harambee kwa Wakenya, upatu kwa Watanzania. Kenya wamekwenda hatua zaidi: tangu mwaka 2012 M-Changa inaendesha michango ya harambee kwa simu. Chombo kipo. Kilichokosekana ni kukitumia kwa kitabu, kwa kuwa tumezoea kukifungua kwa harusi, hospitali na matanga tu.

Lakini kwa nini mchuuzi alipie riwaya, na ada ya shule inamsubiri nyumbani? Swali hili ndilo lenye uzito, na jibu letu halihusu kupenda fasihi. Anayelipa ndiye anayechagua. Wachapishaji wengi wa kanda hii huishi kwa vitabu vya shule, kwa hiyo riwaya isiyoingia katika mtaala huonekana mzigo usio na soko. Na yule mama wa mpakani ameandikwa mara nyingi sana, lakini ndani ya ripoti. Humo yeye ni mnufaika wa mradi, au mhanga wa jambo fulani, au namba katika jedwali. Utani wake kwenye foleni haumo. Haimo hesabu anayoifanya kichwani kwa faranga za Rwanda, faranga za Kongo na dola kwa pamoja, bila kukosea. Haumo wivu kati ya wauza sambaza, wala urafiki wa miaka ishirini kati ya mama wa Mbugangari na mama wa Birere ambao hawajawahi kulala upande mmoja wa mpaka. Mambo hayo ni ya riwaya, na ripoti hulipiwa na mtu mwingine kwa haja nyingine.

Kuna na suala la lugha. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wakuu wa nchi wamekubali Kiswahili na Kifaransa vitumike rasmi katika Jumuiya pamoja na Kiingereza. Vizuri. Lakini Kiswahili kinachouza vitunguu hapa kina Kinyarwanda ndani yake, kina Kifaransa, kina sauti ya Goma. Mhariri wa Dar es Salaam atakinyoosha kwa nia njema kabisa, na akimaliza, wahusika watakuwa wanasema kama watangazaji wa redio. Wasomaji waliolipa kabla wanampa mwandishi ruhusa ya kumwacha mama wa Birere aseme kama anavyosema. Hilo pekee, kwetu, linatosha kuhalalisha bei ya kitabu kimoja.

Sasa masharti. Tuchukulie mfano wa kukisia, kila mtu aubadilishe kulingana na bei halisi: mchapaji anataka faranga 3,000 kwa nakala, na mwandishi anataka kuchapa nakala 500. Hiyo ni faranga milioni 1.5. Akiuza kitabu kwa faranga 5,000, watu 300 wakilipa mapema mtambo umelipwa. Nakala 200 zinazobaki ndiyo faida yake, faranga milioni moja, kabla ya kutoa usafiri, makato ya simu na cha muuzaji dukani. Mwandishi aiweke hesabu hiyo wazi kama ilivyo. Mchuuzi haogopi faida ya mwenzake. Huogopa hesabu inayofichwa.

Aseme pia pesa zinakaa kwa nani. Tunashauri zisikae kwenye simu yake. Ziwekwe kwenye akaunti ya ushirika unaojulikana, wenye mweka hazina anayeonekana sokoni kila siku, na zisiguswe mpaka idadi itimie. Isipotimia kufikia tarehe iliyotajwa, kila mmoja arudishiwe chake. Neno "tutaona" tulifute kabisa katika mazungumzo haya. Na aeleze mpaka ukifungwa itakuwaje. Mwaka 2020 Korona ilipoingia, wachuuzi walikaa miezi bila kuvuka. Aliyelipa akiwa Goma lazima ajue kitabu chake kitangoja wapi, na nani atakitunza.

Zaidi ya yote, mswada uwe umekwisha kabla faranga ya kwanza haijapokelewa. Hapa tunatofautiana na wale wanaochangisha kwa wazo. Mtu akikuuzia ng'ombe aliye tumboni mwa mama yake, angalau mama umemwona. Riwaya isiyoandikwa haina hata mama. Kitereza alikuwa nayo iliyokamilika. Alichokosa ni mtambo. Mwandishi wa namna hiyo tunamwelewa, na tunaweza kumsaidia. Anayetaka alipwe ili aanze kuandika aende kwa wanaotoa ruzuku, kazi hiyo ni yao.

Wafadhili wa kwanza hawatapatikana kwa kubandika tangazo kwenye ukurasa wa Facebook na kungoja. Tanzania inatupa somo lingine. Eric Shigongo alizitoa hadithi zake vipande vipande ndani ya magazeti yake mwenyewe, kisha zikawa vitabu. Msomaji alinunua gazeti la leo ili ajue yaliyompata mhusika wa juzi, na kitabu kilipotoka, mnunuzi alikuwa ameshapatikana. Kenya, miaka ya 1970, David Maillu alianzisha kampuni yake ya Comb Books na kuandika vitabu vyepesi kwa watu wa ofisini na mitaani ambao wachapishaji wakubwa hawakuwahesabu kuwa wasomaji. Wapo waliomkasirikia, na mwaka 1976 Tanzania ilivipiga marufuku vitabu vyake. Wateja aliwapata. Wote wawili walimfuata msomaji alipo na kumwonjesha kwanza, kama muuza asali.

Hapa kwetu msomaji yupo kwenye foleni alfajiri, yupo kwenye kikao cha ushirika siku ya kugawana, yupo kwa wakala wa simu akisubiri chenji. Mwandishi aende huko na kurasa kumi zilizochapwa kwenye karatasi ya kawaida. Asome kwa sauti, maana wengine miwani wameiacha nyumbani na wengine shule waliiacha mapema. Akichekesha mahali palipokusudiwa, atajua bei ya kazi yake siku hiyo hiyo. Wakinyamaza, arudi nyumbani akaandike upya. Na anayelipia asilazimike kuwa msomaji: wapo akina mama watakaolipa ili mtoto awasomee, na majina yao yachapwe ndani ya kitabu kama wanavyotaka wenyewe, la ubatizo, la mtaani au la mtoto wa kwanza.

Gazeti hili litafanya sehemu yake. Mwandishi wa Rubavu au wa Goma aliyemaliza mswada wa riwaya kuhusu mpaka huu alete sura ya kwanza. Ikitufaa tutaichapa bure, na chini yake tutaweka jina la ushirika unaopokea pesa, idadi ya nakala zinazotakiwa, tarehe ya mwisho, na idadi ya waliokwisha kulipa. Idadi hiyo tutaichapa upya kila Jumamosi, hata kama haijasogea.