Ukitaka kuandika ‘kuku’ kwa Scrabble, utakwama

Hebu jaribu hivi. Chukua Scrabble ya Kiingereza, ile ya vipande 100, uandike neno ‘kuku’. Huwezi. K ni moja tu kwenye mfuko mzima, kwa hivyo itabidi utoe kipande kitupu ukisingizie kuwa K ya pili. ‘Kazi’ nayo inakupa pointi 17, utadhani ni neno adimu. (Sawa, hapa Bondeni kazi ni adimu kweli, lakini tuyaache hayo.) Halafu kuna Q na X, ambazo Kiswahili hakina shughuli nazo.

Sisemi mchezo ni mbaya. Nasema ni nguo iliyoshonewa lugha nyingine, na sisi tukiivaa inatubana. Wasee wengi wa rika langu wakitaka mchezo wa maneno kwa simu wanacheza wa Kiingereza, kisha mtu mzima anakuja kutuambia eti Sheng ndiyo imeua Kiswahili chetu.

Kiswahili hupenda vipande vyenye maana, unavigonganisha vinakupa kitu kipya. Anza na mtaa wangu: bonde, ongeza -ni, uko Bondeni. Jirani zetu wa Kivumbini nao walichukua kivumbi wakafanya vivyo hivyo. Hata ‘chemshabongo’ ni chemsha na bongo. Ondoa chemsha, bandika lala mwishoni, umepata bongolala: bongo ni ile ile, ila sasa imezima.

Kwa base yetu jioni tunacheza hivi. Mtu anafumba nusu mbili za neno, halafu anafumba neno lote, na atakayeshindwa ananunua chai. Ya kwanza huogelea. Ya pili hutundikwa mtini ikavunwa asali. Pamoja hakuna asali, kuna nyama. Batamzinga. Nyingine ilikuwa hivi: wa kwanza hubeba kirungu, ya pili huvaliwa Ijumaa kwenda msikitini, wakiungana base yote inatawanyika. Hiyo mtu alijibu “askarikanzu!” kabla haijaisha, tukacheka, halafu wawili wetu wakageuka kuangalia nyuma.

Bingwa wetu ni fundi wa bodaboda aliyeacha shule darasa la saba. Mimi nilifika chuo mwaka wa pili kabla karo haijanishinda, na ananilipisha chai karibu kila siku. Mimi nilifundishwa maneno haya kama orodha ubaoni: mwanajeshi, garimoshi, batamzinga. Tukakariri, tukafanya mtihani, tukasahau. Hakuna aliyetuuliza bata na mzinga walikutana wapi. Yeye hajui kama yanaitwa maneno ambatano na wala hana haja ya kujua. Anayasikia tu, kama anavyosikia injini yenye shida. Siku moja baada ya kutushinda alinyamaza kidogo, akasema, “Kumbe Kiswahili nilikuwa nakijua.” Ana miaka 26. Miaka yote hiyo aliamini hakijui, kwa sababu ya alama nyekundu kwenye daftari.

Wewe unayeandika programu za simu, na ninajua mko wengi hapa Nakuru, mchezo ndio huo. Hauhitaji Q. Walimu nao wanaweza kuuanza kesho bila bajeti.

Utasema maneno yataisha. Ni kweli, ya kwenye kamusi yalituishia mapema, na hapo ndipo mchezo ulipokolea. Wiki jana mmoja alileta ‘mlabando’, kwa mfano wa mlariba: yule beste anayeomba umwashie intaneti ya simu yako “dakika mbili tu”. Wengine walikataa, wakisema halimo kwenye kamusi yoyote. Tukapiga kura. Mimi nilipiga ndiyo, maana kila mtu alijua papo hapo ni nani kati yetu anayesemwa, na mwenyewe aliinuka akaenda zake.

Nakuachia moja. Nusu ya kwanza ni mtu, na shughuli yake huifanya usiku. Nusu ya pili ndivyo alivyo akichoka kabisa. Ziunganishe, utapata jina la wengi wetu mtaani. Jibu sikupi. Ukishindwa, chai ni yako.